Lira za dhahabu za Waosmani: soma kwanza, pima, ndipo ulipe

Kama ulipita chuoni utotoni na ukahitimu japo juzuu Amma, basi nusu ya kazi ya kukusanya sarafu hizi umeshaimaliza bila kujua. Wakusanyaji wengi wa Ulaya na Marekani hujifunza herufi na tarakimu za Kiarabu ukubwani, chati ikiwa mkononi, na bado huchanganya ٢ na ٣. Wewe unaziona na kuzitamka. Kilichobaki ni kujua zinakaa wapi kwenye sarafu, zinasema nini, na mizani yako ikubaliane nazo.

Nalitanguliza hili kwa sababu wengi wetu tunaanzia mwisho. Tunauliza bei, tunapunguziwa kidogo, tunafurahi, tunalipa, halafu tukifika nyumbani ndipo tunaigeuza sarafu kuona imeandikwa nini. Mimi nilianza hivyo hivyo, na hasara yake nitaieleza mbele.

Sarafu ninazozungumzia ni za dhahabu za Milki ya Osmani kuanzia mageuzi ya fedha ya mwaka 1844 hadi usultani ulipofutwa tarehe 1 Novemba 1922. Za kabla ya hapo ni ulimwengu mwingine: nyembamba, za uzito unaobadilika, kila sultani na majina yake. Ukianza na hizo utachanganyikiwa mapema na kukata tamaa.

Kariri namba moja: 7.216

Sultani Abdulmecid I ndiye aliyenyoosha mambo. Chini yake lira moja ya dhahabu ikawa kurushi 100, uzito gramu 7.216, dhahabu ya karati 22, kipenyo cha milimita 22 hivi. Kipimo hicho hakikubadilika mpaka mwisho. Masultani sita walipita, vita vikaja, dola ikashindwa kulipa madeni yake mwaka 1875, wadai wa Ulaya wakawekewa idara yao nzima ya kukusanya mapato mwaka 1881, lakini lira ya dhahabu ikabaki ile ile. Ndiyo maana watu waliiamini kuliko walivyoiamini serikali yenyewe.

Vipande vingine hupatikana kwa kugawanya au kuzidisha. Kurushi 25 ni gramu 1.804, kurushi 50 ni gramu 3.608, kurushi 250 ni gramu 18.04, na lile dude la kurushi 500, ambalo Waturuki huliita beşli, yaani la tano, ni gramu 36.08. Dhahabu safi iliyomo ndani ya lira moja, ukitoa mchanganyiko, ni gramu 6.615. Namba hiyo nayo iweke kichwani, maana ndiyo utakayoitumia ukikaa mbele ya muuzaji.

Usiichanganye na pauni ya dhahabu ya Uingereza, ile iliyozoeleka kwenye vidani vya bibi zetu. Pauni ni nzito zaidi, gramu 7.988, ingawa karati ni zile zile 22. Zama hizo pauni moja ilikwenda kwa kurushi 110 hivi, na ukigawanya uzito wa moja kwa uzito wa nyingine utaona hesabu inakubali.

Hatua ya kwanza: tambua ni ya nani

Upande mmoja wa sarafu kuna tughra, ile sahihi ya sultani yenye mistari mitatu iliyosimama kama milingoti na mapinde mawili yanayozunguka kushoto. Ndani yake mmeandikwa jina la sultani, jina la baba yake, na dua ya kuwa mshindi daima. Kuisoma tughra herufi kwa herufi ni kazi hata kwa mwenye Kiarabu kizuri, kwa sababu mwandishi wake alikusudia uzuri kabla ya usomekaji. Hapa usijisumbue sana. Geuza upande wa pili.

Huko utakuta maneno mepesi: *azza nasruhu, duriba fi Qustantiniyya*, utukuke ushindi wake, imegongwa Konstantinia, yaani Istanbul. Pamoja nayo kuna mwaka wa Hijria wenye tarakimu nne. Mwaka huu ni ule sultani aliokalia kiti, wala si mwaka sarafu iliyotengenezwa, na unabaki huo huo kwenye sarafu zake zote hata akitawala miaka thelathini. Kwa hiyo mwaka ndio ufunguo wa jina:

١٢٥٥ (1255) ni Abdulmecid I.
١٢٧٧ (1277) ni Abdulaziz.
١٢٩٣ (1293) ni Abdulhamid II, au Murad V, ngoja kidogo.
١٣٢٧ (1327) ni Mehmed V, anayejulikana kwa jina la Reşad.
١٣٣٦ (1336) ni Mehmed VI Vahdettin, wa mwisho, aliyeondoka Istanbul kwa meli ya kivita ya Kiingereza tarehe 17 Novemba 1922.

Mwaka 1293 una masultani wawili kwa sababu 1876 ulikuwa mwaka wa msukosuko. Abdulaziz alipinduliwa, akawekwa Murad V, akakaa siku 93 tu, akaondolewa kwa kuambiwa ni mgonjwa wa akili, akawekwa mdogo wake Abdulhamid. Wote wawili wana 1293, na wote wawili wana mwaka wa kwanza wa utawala. Kinachowatofautisha ni tughra peke yake. Sarafu za Murad ni adimu na bei yake ni ya kuumiza, ilhali za Abdulhamid ni nyingi. Hapo umeshaona mlango wa udanganyifu ulipo. Mtu akikwambia ana Murad V, usimtazame usoni, itazame tughra: tafuta jina Murad, weka pembeni picha ya sarafu ya Abdulhamid ya mwaka wa kwanza, na ulinganishe kila mkunjo. Ukishindwa kuona tofauti, ichukulie kuwa ya Abdulhamid na ulipe bei ya Abdulhamid.

(Kuna jambo dogo linalonifurahisha hapa: Murad V, Abdulhamid II, Mehmed V na Mehmed VI wote ni watoto wa baba mmoja, Abdulmecid. Ukiwa na sarafu ya baba na ya kila mmoja wa hao wanne, umeweka familia moja mezani. Abdulaziz ni ami yao.)

Hatua ya pili: pata mwaka halisi

Mbali na ule mwaka wa tarakimu nne, tafuta namba ndogo, tarakimu moja au mbili, pengine ikiambatana na neno la Kiarabu *sana*, yaani mwaka. Huo ni mwaka wa utawala. Chukua mwaka wa kukalia kiti, ongeza mwaka wa utawala, toa moja. Unatoa moja kwa sababu mwaka wa kwanza wenyewe umehesabiwa.

Tuseme umeshika sarafu yenye ١٢٩٣ na ٣٣. 1293 kuongeza 33 ni 1326, toa moja, 1325 Hijria. Kuipeleka kwenye Miladia, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622: unapata 1907. Au umeshika ya Reşad, ١٣٢٧ na ٨: inakuja 1334, yaani kati ya mwisho wa 1915 na 1916, vita vikuu vimepamba moto. Fanya hesabu hii mara kumi na haitakutoka tena.

Tahadhari ni kwa sarafu zilizochakaa. Jino moja la ٣ likisagika unabaki na ٢. Nukta ya sifuri ikiziba uchafu unaweza kudhani ni ٥, na ٧ na ٨ hugeuzwa kwa kuishika sarafu juu chini. Mwaka wa utawala ukikosewa, bei inaweza kuruka, kwa sababu miaka mingine ilitoa sarafu chache. Tumia kioo cha kukuzia, kile cha masonara cha mara kumi kinatosha, na mwanga wa pembeni, si wa juu. Mwanga ukipita kwa ubavu, kila kilichoinuka hutupa kivuli na tarakimu hujitokeza.

Kwenye sarafu za Abdulhamid na Reşad angalia pia kulia mwa tughra. Za Abdulhamid za miaka ya mwanzo zina ua. Baadaye ua likaondoka, likaja neno *el-Gazi*, mpiganaji wa jihadi. Za Reşad zilianza na jina *Reşad* mahali hapo, na katika mwaka wa 7 wa utawala wake, wakati wa vita vya Gallipoli, likabadilishwa kuwa *el-Gazi*. Kwa hiyo mwaka wa 7 una sura mbili. Mkusanyaji anayeanza akipata zote mbili za mwaka wa 7 huwa ameanza vizuri, wala hatakuwa amefilisika, maana lira za Reşad ndizo nyingi kuliko zote sokoni.

Hatua ya tatu: soma jina la mji

Karibu kila utakachokishika kitasema Qustantiniyya. Ukiona jina jingine, simama.

Ukiona *Misr*, umeshika sarafu ya Misri. Misri ilikuwa na utawala wake lakini iliendelea kugonga fedha kwa jina la sultani wa Istanbul hadi 1914, kwa hiyo ina tughra ile ile na mwaka ule ule 1293 au 1327. Tofauti iko kwenye metali. Baada ya mageuzi yao ya 1885, kirshi 100 za Misri zilikuwa na uzito wa gramu 8.5 kwa dhahabu ya karati 21. Asiyesoma jina la mji huishika, anaona ni nzito kuliko lira, anapiga hesabu kwa karati 22, na anajiona mjanja. Dhahabu safi iliyomo ni gramu 7.44 hivi. Hesabu kwa hiyo.

Ukiona *Bursa, Edirne, Selanik, Manastir* au *Kosova* kwenye sarafu ya Reşad, hiyo ni kumbukumbu ya ziara. Sultani huyu mzee aliitembelea Bursa na Edirne miaka yake ya mwanzo, kisha Juni 1911 akaenda majimbo ya Balkani, na fedha zikatolewa zikiwa na majina ya sehemu hizo. Za Selanik, Manastir na Kosova zina mwaka wa 3 wa utawala. Mwaka uliofuata vita vya Balkani vikazuka na majimbo yale yakapotea. Selanik iliangukia kwa Wagiriki Novemba 1912, leo ni Thessaloniki. Sarafu hizi, hasa za dhahabu, ni chache na zinatafutwa, na kwa hiyo zinaigizwa. Usiinunue yoyote ya aina hii kama sarafu yako ya kwanza, wala ya tano.

Hatua ya nne: lira au pambo?

Sasa ile hasara yangu. Safari yangu ya kwanza Istanbul niliuziwa kipande cha kurushi 100 cha Abdulhamid. Nilisoma mwaka, nikafurahi. Nilisoma mji, nikafurahi zaidi. Kilikuwa kipana, chembamba, chenye mapambo mengi kuzunguka, na nilidhani upana ule ni fahari ya ziada. Nililipa bei ya lira. Nyumbani mizani ikasoma pungufu ya gramu 7.

Nilichonunua hakikuwa bandia. Kilikuwa sarafu ya mapambo, ambayo Waturuki huiita ziynet. Kiwanda cha fedha cha Istanbul kilitoa mikondo miwili sambamba: sarafu za matumizi, nene na ndogo, na sarafu za mapambo, pana na nyembamba, zilizokusudiwa kushonwa kwenye hijabu, kutungwa kidani, au kutunzwa bibi harusi. Za mapambo zina uzito mdogo kidogo: kurushi 100 ni gramu 7.016, kurushi 50 ni gramu 3.508, kurushi 25 ni gramu 1.754. Gramu 0.2 kwa lira si nyingi, lakini changu kilikuwa pia kimetobolewa na tundu kuzibwa kwa dhahabu nyingine, na hapo ndipo uzito ulipozidi kupungua na thamani ya mkusanyaji ikafa kabisa.

Kwa hiyo kagua ukingo. Zungusha sarafu polepole chini ya kioo. Kwa kawaida tundu au pete ya kuning'iniza huwa juu ya tughra, mahali penye 12 kwenye uso wa saa. Tafuta sehemu yenye rangi tofauti kidogo, mahali ambapo mstari wa ukingo unakatika, alama za tupa, au uso uliolainika ghafla kama ulioungua. Hizo ni dalili za lehemu. Sarafu iliyovaliwa shingoni si takataka. Dhahabu yake ni dhahabu na historia yake ni ya mwanamke fulani aliyeivaa. Lakini ilipe bei ya uzito, bila nyongeza.

Hatua ya tano: mizani, kikombe na uzi

Nunua mizani ya dijitali inayosoma hadi gramu 0.01, na kalipa ya kupimia kipenyo. Vyote viwili havizidi gharama ya kosa moja.

Lira nzuri itasoma kati ya gramu 7.15 na 7.22. Kupungua kidogo ni uchakavu wa kawaida. Kuzidi 7.25 ni jambo la kuuliza maswali, kwa sababu sarafu haikui kwa kuzeeka.

Kisha pima ujazo. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, iteremshe majini mpaka izame yote bila kugusa chini wala ubavu wa kikombe. Namba utakayoiona ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Dhahabu ya karati 22 ina msongamano wa 17.6 hivi ikiwa imechanganywa na shaba, kwa hiyo lira itasoma karibu 0.41. Ikisoma 0.5 au zaidi, kuna metali nyepesi ndani yake. Shaba haiwezi kuwa na uzito wa dhahabu na ukubwa wa dhahabu kwa pamoja. Lazima itakusaliti upande mmoja. Kwa kipande cha kurushi 25 kipimo hiki hakifai, maji yanayosukumwa ni machache mno kwa mizani ya aina hiyo.

Ukitaka uhakika zaidi, mwombe sonara mwenye mashine ya mionzi akupimie karati. Ile ya kusugua juu ya jiwe na kutia tindikali ikatae, inaacha mkwaruzo usiofutika.

Lakini elewa mpaka wa vipimo hivi. Mizani na maji vinakwambia ni dhahabu. Havikwambii ni ya zamani. Tatizo kubwa la lira za Waosmani ni zile zilizotengenezwa kwa dhahabu halisi miaka mingi baadaye. Lira ya Reşad iliendelea kupendwa Uturuki, Shamu na Hijazi muda mrefu baada ya Reşad kufa mwaka 1918, na penye mahitaji hapakosi mafundi. Hata leo, ukiwa Amman, duka la sonara litakutajia bei ya siku ya lira rashadi ya gramu 7, mara nyingi ya karati 21. Hiyo ni bidhaa halali ya sonara inayouzwa kwa uwazi, tatizo huanza inapovuka mipaka mara mbili tatu na kumfikia mtu Muscat, Dubai au Mombasa ikiwa imepewa hadithi ya babu. Ndugu zetu walioko Ghuba wawe macho hapa. Gramu 7 kamili na karati 21 hazikuwahi kuwa kipimo cha Istanbul.

Kuitambua iliyogongwa karibuni, acha namba, tazama maandishi. Mchonga mihuri wa Istanbul alikuwa mwandishi wa khati; kalamu yake inanenepa na kukonda ndani ya herufi moja, ncha ni kali, nukta zina pembe. Mwigaji huchora muhtasari wa herufi bila kuijua kalamu, kwa hiyo mistari yake ina unene mmoja kama uzi, ncha zimevimba, na nukta ni viduara. Ikiwa sarafu ilimiminwa badala ya kugongwa, uwanja wake utakuwa na vitundu vidogo kama vya ngozi ya chungwa. Huu ndio ujuzi ambao aliyesoma khati japo kidogo anampita profesa. Shika sarafu za hakika nyingi uwezavyo, hata usiponunua, mpaka mkono na jicho vizoee.

Hatua ya sita: bei

Angalia bei ya dunia ya dhahabu kwa gramu siku hiyo hiyo, izidishe kwa 6.615. Tuseme gramu ya dhahabu safi ni dola 100, basi lira ina dhahabu ya dola 661 na senti 50. Hiyo ndiyo sakafu. Juu yake muuzaji ataweka nyongeza, na hapo ndipo mnapozungumza.

Kwa Reşad au Abdulhamid wa miaka ya kawaida, nyongeza iwe ndogo. Unanunua dhahabu yenye sura nzuri. Abdulaziz na Abdulmecid huenda juu kidogo, hasa zikiwa hazijachakaa. Vahdettin alitawala miaka michache, sarafu zake zina miaka ya utawala 1 hadi 5, nazo hudai zaidi. Vipande vya kurushi 250 na 500 vina bei yao wenyewe na waigaji wao wenyewe. Kabla ya kugusa hivyo, nunua kilichokwisha kukaguliwa na kufungwa kwenye kasha na kampuni za ukaguzi kama PCGS au NGC, na hakikisha namba ya kasha inapatikana kwenye orodha yao.

Usilipe nyongeza kwa sababu ya hadithi. "Ilikuwa ya pasha", "ilikutwa kwenye ukuta wa nyumba ya zamani". Mwulize muuzaji hivi: "Mzee, ukiitaka irudi kwako kesho, utainunua kwa bei gani?" Jibu lake litakwambia nyongeza halisi ni kiasi gani. Akicheka bila kujibu, nawe cheka, uage.

Wanaochunga sharia wanajua kwamba dhahabu kwa fedha hukabidhiwa mkono kwa mkono, papo hapo. Ununuzi wa mtandaoni na wa kulipa kidogo kidogo una mjadala wake kwa masheikh. Uliza kabla ya kubonyeza.

Hatua ya saba: sheria ya ulikonunua

Uturuki ina sheria kali ya mali ya kale, namba 2863 ya mwaka 1983, na watu huogopa kununua sarafu huko kwa sababu hiyo. Sheria yenyewe imewataja kwa majina masultani hawa sita, Abdulmecid hadi Vahdettin, na kuruhusu sarafu zao kununuliwa na kuuzwa ndani ya nchi bila kusajiliwa. Soma tena maneno "ndani ya nchi". Kuzitoa nje ni suala tofauti: chukua risiti yenye maelezo kamili, na uliza forodha au jumba la makumbusho kabla ya siku ya safari, si ukiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Sarafu za masultani wa kabla ya hao sita usizibebe kabisa. Na ukifika nyumbani, dhahabu hutangazwa forodhani. Sarafu ya gramu 7 mfukoni inaonekana kwenye mashine vizuri sana.

Hatua ya nane: kuzitunza

Usisafishe. Sijui niliseme kwa nguvu gani. Dhahabu ya karati 22 ni laini, na kitambaa chenye dawa ya kung'arishia kinaondoa ule mng'ao wa hariri ambao sarafu ilizaliwa nao na haurudi. Madoa mekundu unayoyaona ni shaba ya mchanganyiko, hayaharibu kitu. Uchafu wa mafuta unatoka kwa kuiloweka kwenye asetoni safi na kuiacha ikauke yenyewe, bila kusugua.

Shika kwa ukingo, weka kila moja kwenye kapsuli yake ya plastiki ngumu. Vile vifuko laini vinavyonuka kama pazia jipya la bafuni viepuke. Na mwambie mtu mmoja unayemwamini mahali zilipo. Nimeshasikia matanga yaliyogeuka msako wa magodoro.

Kwa kila sarafu andika kadi: sultani, mwaka wa kiti, mwaka wa utawala, mji, uzito uliopima wewe mwenyewe, kipenyo, bei, tarehe, na bei ya dhahabu siku hiyo. Kadi hizo zina kazi ya pili. Kwa nisabu, yaani kiwango zaka inapoanzia, ya gramu 85 za dhahabu safi, lira 12 zina gramu 79.4 na bado hujafika. Ukiongeza ya 13 unafika gramu 86, na mwaka ukipita juu yake una zaka ya kutoa. Tarehe ya ile ya 13 izungushie duara.